Wizara ya Usikivu Yatafuta Sikio

Iko nchi moja, jina lake nalihifadhi kwa usalama wangu na wa wanangu, ambayo serikali yake inawapenda wananchi kupita kiasi. Inawapenda hata imewaundia wizara nzima ya kuwasikiliza, Wizara ya Usikivu, yenye jengo refu la vioo katikati ya mji mkuu. Ofisi ya waziri iko ghorofa ya juu kabisa, mahali ambapo kelele za watu hazifiki. Chini yake wamejipanga makatibu, wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi na wasaidizi wa wakurugenzi wasaidizi, na wote hao kazi yao ni kusimamia usikivu. Aliyekuwa akisikiliza hasa, kwa masikio yake mawili, alikuwa mtu mmoja tu, na huyo aliwekwa ghorofa ya chini karibu na choo cha wageni.

Mtu mwenyewe ni Bi Mwantumu. Mama wa makamo, mjane, hakujaaliwa mtoto. Alipanga chumba na sebule nyuma ya kiwanda cha magodoro, na jioni akirudi alikuwa anawasha redio kabla ya kuwasha taa, ili nyumba isimpokee kimya. Majirani walikuwa watu wema, wakipishana naye mlangoni wanamsalimia, kisha kila mmoja anafunga mlango wake. Mazungumzo ya siku yake yote yalikuwa kazini, kwenye simu moja nyeusi iliyopokea malalamiko ya taifa zima.

Sasa nchi ile, jamani, watu wake wana adabu! Hakuna anayelalamika kabla ya kusalimu, na salamu ina jibu moja tu. Ukimuuliza mtu habari za nyumbani atakwambia nzuri. Upepo uwe umeezua paa alfajiri hiyohiyo, atakwambia nzuri, atavuta pumzi, atajikohoza, ndipo aseme "ila". Malalamiko yote ya nchi ile yalikaa nyuma ya hiyo "ila", na Bi Mwantumu alijua kuingoja.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mama."

"Wazima wote?"

"Wazima, tunashukuru."

Kimya. Bi Mwantumu hana haraka, anakuna sikio kwa kalamu.

"Ila, mama, daraja letu limeondoka na mto."

Hapo ndipo alipokuwa anaandika. Malalamiko yenyewe hayakutatuliwa, tusidanganyane. Yalipelekwa juu, na huko juu yalihesabiwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini mtu alikuwa amesikilizwa, na kesho yake alipiga tena.

Katika wapigaji wake wote, mmoja hakukosa hata asubuhi moja: Mzee Chwaya, wa mkoa wa mbali, Mtaa wa Maji Tele, ambako bomba halijatoa maji tangu siku lilipozinduliwa. Lalamiko lake lilikuwa fupi, ila linatanguliwa na kufuatwa na mengine: jogoo wa jirani asiyejua saa, uji ulioungua, hotuba aliyoisikia redioni wala hakuielewa. Mzee naye alikuwa peke yake. Wanawe walikuwa mijini, wanamtumia salamu kupitia watu. Bi Mwantumu alikuwa akicheka naye mpaka wakurugenzi wasaidizi wanaokwenda chooni wanageuka kumtazama. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso hata siku moja. Namba yake hakuijua, kwa maana Sheria ya Faragha ya nchi ile inakataza msikilizaji kuona namba ya mlalamikaji, asije akampigia na kumpa jibu.

Basi siku moja Mheshimiwa Waziri, Daktari Kibwangara, akarudi kutoka mkutanoni ng'ambo akiwa amevimba kwa huzuni. Akaita watumishi wote ukumbini.

"Ndugu zangu," alisema, "nimeaibika. Mjumbe wa nchi jirani kaniuliza: ninyi wananchi wenu wanasikilizwa na nini? Nikakosa la kusema. Ningesemaje? Ningesema wanasikilizwa na mtu? Katika zama hizi? Mtu na mtu, kama wako kisimani?"

Ukumbi ukaguna kwa aibu. Wengine wakamtupia jicho Bi Mwantumu, naye akajikunyata kwenye kiti kana kwamba ndiye aliyelitia taifa doa.

Ikaundwa Kamati ya Kuchagua Sikio. Kazi yake ilikuwa kutafuta mfumo wa kompyuta utakaopokea malalamiko, uyapange, uyafuatilie na kuyajibu. Bi Mwantumu akaalikwa kama mdau, akapewa kiti kando ya mlango, penye upepo. Mbele ya kamati wakaletwa watu wawili, kila mmoja na sikio lake.

Wa kwanza alikuwa Bwana Gervas, muuzaji, viatu vyake vimechongoka na meno yake yanafuata mstari. Yeye alinadi mfumo uitwao Sikio la Dhahabu.

"Hili ninyi hamlimiliki, mnalikodi," alieleza. "Linaishi ng'ambo, kwenye mitambo ya wenyewe, hamsumbuki na umeme wala joto wala panya. Mnalipa kila mwezi, na mnalipa kwa vichwa. Kila mtumishi anayeketi kujibu, kichwa chake kinalipiwa."

Wa pili alikuwa binti mmoja wa idara ya kompyuta, Nuriati, aliyekuja na kandambili kwa sababu lifti ilikuwa ya wakurugenzi na ngazi zilikuwa zinadekiwa. Yeye alileta mfumo uitwao Barazani.

"Huu ni huria," alisema. "Umetengenezwa na watu wa nchi nyingi, wakautoa kwa yeyote anayeutaka. Tunauchukua, tunauweka kwenye kompyuta yetu, hapahapa kwetu. Tukitaka kuurekebisha tunaufungua wenyewe. Vichwa havilipiwi, hata wakijibu watu mia. Ila unataka kompyuta nzuri, umeme wa uhakika, na mtu wa kuutunza kila siku."

"Bei yake?" aliuliza Mkurugenzi wa Itifaki.

"Bure, mheshimiwa."

Kamati ikamkodolea macho, kama watu waliotukanwa mbele ya wakwe.

"Binti," alisema Mkurugenzi kwa upole wa kutisha, "unataka kuidhalilisha serikali? Kitu cha bure tutakizindua vipi? Mheshimiwa akate utepe wa nini?"

Mwingine akadakia, "Na nimesikia huo mfumo uko wazi, kila mtu anauona ulivyo. Siri za nchi je?"

"Kilicho wazi ni namna ulivyopikwa, si kilichomo chunguni," alijibu Nuriati.

"Kwa hiyo hata nchi jirani wanajua ulivyopikwa?"

"Wanajua. Wakiona kasoro wanatusaidia kuiondoa."

"Wanatusaidia!" Yule bwana akatazamana na wenzake, akaandika neno "majasusi" na kulipigia mstari.

Ndipo Katibu Mkuu, Bwana Salmini, mtu mwenye busara anayesinzia kwa heshima, akafumbua jicho moja. "Mimi nina swali moja. Ukiharibika, atalaumiwa nani?"

"Tutautengeneza wenyewe," alisema Nuriati.

"Sikuuliza nani atautengeneza. Nimeuliza nani atalaumiwa. Huu wa kukodi ukiharibika, tunamlaumu Bwana Gervas."

"Kwa furaha kabisa," alisema Bwana Gervas, akainama.

"Na huo wa kwenu, ukiharibika, tutajilaumu sisi?"

Kamati nzima ikashtuka. Tangu nchi ipate uhuru jambo kama hilo halijawahi kupendekezwa.

Bi Mwantumu akanyoosha mkono kule mlangoni. "Samahani wakubwa. Hivyo vichwa vinavyolipiwa, na mimi nimo?"

"Wewe ndiye kichwa chenyewe, mama," alisema Bwana Gervas akitabasamu.

Moyo ukampasuka paa! Hapo alielewa kilichokuwa kinachaguliwa mle ndani. Barazani ikipita, atabaki na watu wake, pengine na wasaidizi juu. Sikio la Dhahabu likipita, yeye ni gharama. Kuanzia siku ile, akipiga dua zake, alianza na marehemu mumewe, akafuatisha Barazani.

Sheria ya manunuzi ya nchi ile ni kali na haina upendeleo. Kila mwenye kitu cha kuuza lazima afike mwenyewe siku ya kufungua zabuni, aitwe jina mlangoni, aitike, aoneshe cheti cha kodi na picha ndogo. Bwana Gervas aliitwa, akaitika kabla jina halijaisha. Kisha tarishi akatoka kwenye korido, akaweka mikono mdomoni.

"Barazaniii! Kama yupo, aingie!"

Korido ikarudisha sauti yake mwenyewe.

"Waheshimiwa, Barazani si mtu," alisema Nuriati. "Haina mwenyewe. Imetolewa tu, haiuzwi na mtu."

"Sheria haisemi habari ya visivyouzwa," alijibu mwenyekiti. "Aitwe tena."

Tarishi akaita tena. Bi Mwantumu, aliyekuwa karibu na mlango, alijikuta amechungulia nje. Alijua vizuri kwamba hakuna mtu wa kuja. Lakini alitamani, wallahi alitamani, mtu yeyote atokee kwenye kona ile na cheti cha kodi mkononi, aseme mimi hapa, nimechelewa, nisameheni.

Hakutokea mtu. Barazani ikaondolewa kwenye zabuni kwa kosa la dharau kwa kamati. Na kwa kuwa mdharau alihitaji adhabu inayoonekana, Nuriati akaandikiwa barua ya onyo kwa niaba yake.

Likabaki suala la vichwa. Hazina ikasema kulipia vichwa ni kufuja mali ya umma. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikakaa tena, mwishowe Katibu Mkuu akafumbua jicho la pili, jambo lililoonesha kwamba hali ni nzito.

"Bwana Gervas, tukiwa hatuna kichwa hata kimoja cha kujibu?"

"Basi malipo ya vichwa hayapo, mheshimiwa. Mtalipia Sikio lenyewe tu. Lina akili, linajibu peke yake."

Wakashangilia mpaka vikombe vikalia. Wizara ya Usikivu ikawa ya kwanza duniani kupata mfumo wa kusikiliza usio na msikilizaji hata mmoja, na gazeti la serikali likaandika kwamba ubadhirifu umekomeshwa.

Taabu ikaanza wiki ileile. Sikio la Dhahabu lilikuja na sauti ya huko lilikotoka, sauti kavu, inasema: "Karibu. Eleza tatizo lako." Wananchi walipigwa na butwaa. Hata hujambo? Hata za tangu jana? Watu wazima na heshima zao walikata simu, na wengine walikwenda kuripoti polisi kwamba serikali imewatukana.

Bwana Gervas akashuka mwenyewe ghorofa ya chini, akamkuta Bi Mwantumu anakusanya vitu vyake: kikombe, kanga ya kujifunika baridi ya mashine, picha ya marehemu.

"Mama, unakwenda wapi? Tunakuhitaji."

"Mnanihitaji?" Uso ukamng'ara, masikini.

"Tunahitaji sauti yako."

Wakampeleka chumba kilichotundikwa mablanketi madirishani, wakamweka mbele ya kipaza sauti. Kijana wa mitambo akamwambia aseme salamu zote anazozijua, moja moja. "Na uzitamke kama unaongea na mtu unayempenda, mama. Nchi nzima itakusikia."

Bi Mwantumu akafumba macho, akamfikiria Mzee Chwaya na jogoo wa jirani. Akasema hujambo, akasema shikamoo, akasema habari za nyumbani, akasema asante, akasema kwaheri ya kuonana. Alisema vizuri mno, mpaka yule kijana akasahau kuzima mashine. Na alisema kwa roho nyeupe, maana alijiambia: hata wakinitoa, yule mzee ataamka asubuhi asikie sauti anayoijua, asije akadhani nimemtupa.

Siku ya pili wakaja mafundi wakachomoa simu nyeusi.

Yeye mwenyewe hawakumchomoa. Katika muundo mpya wa wizara cheo chake kilikuwa kimefutwa, na mtu asiye na cheo hawezi kuachishwa, kwa kuwa barua ya kumwachisha haina pa kuandika cheo. Akaendelea kuja. Akawa anakaa mbele ya meza tupu, mikono juu yake, akitazama kitobo cha ukutani ulipokuwa waya. Wakurugenzi wakienda chooni wanampungia. Ikifika jioni anarudi nyumbani, anawasha redio, na redioni kuna tangazo la Wizara ya Usikivu, na kwenye tangazo ni yeye anayesema: "Hujambo? Habari za nyumbani?" Akawa anaizima hata redio.

Asikudanganye mtu, upweke wa mtu asiyeongea na yeyote una nafuu. Wake ulikuwa wa kuongea na nchi nzima bila kuwepo. Mwenye duka alimwambia, "Bi Mwantumu, leo nimekusikia, asubuhi umeniuliza hali, nimefurahi kweli." Akampa unga wake na chenji, akageukia mteja mwingine. Bi Mwantumu akabaki amesimama pale na mfuko wa unga, maana yeye hakuwa amemuuliza hali, na yule bwana naye, akiwa ameshajibu asubuhi, hakuona haja ya kujibu tena.

Siku hiyo akashindwa kujizuia. Akatoa simu yake ndogo, akapiga namba ya malalamiko.

"Hujambo?" ilisema sauti yake, changamfu. "Habari za nyumbani?"

"Nzuri," alijibu Bi Mwantumu, kabla hajafikiri, kama afanyavyo kila mtu.

"Asante. Tumefurahi kwamba umeridhika. Kwaheri ya kuonana."

Simu ikakatwa. Akaitazama. Akapiga tena, akasema nzuri tena, ikakatwa tena.

Akamtafuta Nuriati, akamkuta chumba cha kompyuta ameshika tama. Nuriati alikuwa ameshaligundua jambo lenyewe. Waliotengeneza Sikio la Dhahabu ni watu wa mahali ambako mtu akikwambia habari zake nzuri, basi ni nzuri. Mashine ikisikia nzuri inamwandika mteja ameridhika, inafunga lalamiko, inampokea mwingine. Tangu ilipowekwa, hakuna raia hata mmoja aliyewahi kufika kwenye "ila".

"Haiwezekani kuirekebisha?" aliuliza Bi Mwantumu.

"Ingekuwa Barazani, shangazi, ningeifungua sasa hivi, nikaiambia ingoje kidogo tu, kama ulivyokuwa unangoja wewe. Ingekuwa imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Lakini hii si yetu. Hatuna ruhusa hata ya kuchungulia. Nimewaandikia wenyewe."

"Wakasemaje?"

"Imenijibu mashine yao. Imenishukuru kwa kuridhika."

Nuriati akalipeleka jambo juu, kwa maneno yaliyo wazi. Mheshimiwa Kibwangara alimsikiliza nusu, akamkatiza. "Binti, unataka kuniambia kwamba raia anasema nzuri na serikali inaamini, na hilo ndilo kosa? Mimi nimewaamini wananchi wangu maisha yangu yote." Jioni ile Nuriati akahamishiwa Idara ya Ufugaji Nyuki, kwa maendeleo ya nyuki. Bi Mwantumu akapoteza mtu wa mwisho aliyekuwa anamwita shangazi.

Matokeo yakatangazwa. Nchi nzima ilikuwa imeridhika. Haikupatikana mikoa iliyoridhika kuliko ile iliyokumbwa na mafuriko, maana huko watu walipiga simu kwa wingi zaidi. Wajumbe wa nchi jirani walikuja kujifunza. Waziri akaamuru iadhimishwe Siku ya Kuridhika, na atafutwe raia mmoja aliyeridhika kupita wote, apewe nishani mbele ya kamera. Sikio la Dhahabu likaulizwa, likatoa papo hapo jina la mwenye simu iliyopiga mara nyingi kuliko zote: Mzee Chwaya, Mtaa wa Maji Tele.

Bi Mwantumu alisikia jina hilo likisomwa kwenye korido, akaegemea ukuta. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya miaka yake yote ya utumishi: alipanda lifti ya wakurugenzi.

"Nichukueni," alimwambia Katibu Mkuu. "Nitabeba hata maji ya waheshimiwa."

Bwana Salmini alimtazama kwa jicho moja. Maji yalikuwa mengi, kwa kuwa huko waendako hakuna, na mtu wa kuyabeba hakuwepo. Akakubaliwa.

Msafara ukafika Maji Tele na matarumbeta. Nyumba ya mzee ilikuwa ndogo, safi, imefagiliwa mpaka barabarani. Pembeni ya uwanja lilisimama bomba la serikali, na beberu alikuwa amefungwa hapo. Mzee Chwaya mwenyewe, mwembamba, kofia yake nyeupe imefuliwa mpaka imepauka, aliketi kwenye mkeka barazani. Mbele yake alikuwa ameitia simu ndani ya kikombe cha bati ili sauti ikue. Aliwatazama wageni kwa adabu, huku jicho moja likibaki kwenye kikombe.

"Mzee wetu huyu," alihutubia Waziri, "ameridhika mara nyingi kuliko raia yeyote tangu kuumbwa kwa taifa hili. Wapo wanaoridhika mara moja kwa mwaka, wavivu. Huyu anaridhika kabla ya kunywa chai, anaridhika baada ya kunywa chai, na adhuhuri mtamkuta anaridhika! Mzee, hebu waambie mwenyewe. Habari za hapa?"

"Nzuri," alisema Mzee Chwaya, kwa kuwa ndivyo inavyosemwa.

Makofi! Waziri akawageukia waandishi.

"Ila," alisema Mzee Chwaya, na matarumbeta yakaanza.

Wakamvisha nishani, wakapiga naye picha, yule beberu akaondolewa ili bomba lionekane, kisha msafara ukaenda kula kivulini mwa mahema yao. Pale barazani akabaki mzee na nishani yake, na Bi Mwantumu na chupa za maji ambazo hakuna aliyezifuata. Bi Mwantumu alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, sasa yote yamemtoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kidogo, kuna mtu nampigia." Akabonyeza simu, akainamia kikombe.

"Hujambo? Habari za nyumbani?" ilisema sauti.

"Nzuri, mama, ila nilikuwa nataka..."

"Asante. Tumefurahi kwamba umeridhika. Kwaheri ya kuonana."

Mzee akashusha pumzi, akabonyeza upya. "Ana shughuli nyingi siku hizi," alimweleza mgeni. "Ni mama mmoja wa wizarani kwenu, Mwantumu. Ananisalimia vizuri, lakini hakai. Zamani hakuwa hivi. Nadhani nimemkosea."

Bi Mwantumu akasogea. "Umemkosea nini?"

"Siku ya mwisho nilimwambia asikae sana na mimi kwenye simu, wakubwa wake wasije wakamfukuza. Nilisema kwa nia njema. Labda aliona namchoka." Mzee akaipangusa nishani kwa kidole, kama kitu kilichommwagikia. "Basi nampigia nimwombe radhi. Maji nimeshayaacha, maji nayajua, hayaji. Lakini hanipi nafasi, nikisema nzuri tu keshaondoka. Wewe unafanya naye kazi? Mwambie Chwaya anasema amsamehe."

"Mzee," alisema Bi Mwantumu. "Mzee, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Ni mimi Mwantumu. Sikukuchukia. Walichomoa simu, wakabaki na sauti. Hiyo unayoongea nayo si mtu."

Mzee alimtazama yule mama mnene kidogo, jasho usoni, mkoba na chupa mikononi. Kisha akakitazama kikombe, ambamo sauti ileile ilikuwa inauliza kwa uchangamfu: "Habari za nyumbani?" Akamgeukia tena mgeni. Uso wake ulionesha kwamba hajui amwamini nani, na kwamba anaogopa kukosea mara ya pili.

"Kama ni wewe," alisema taratibu, "habari za nyumbani?"

Nzuri ikamfika Bi Mwantumu kwenye ncha ya ulimi, kama ilivyokuwa imemfika maisha yake yote. Akafunga mdomo. Mzee hakumharakisha. Alikaa kimya, mikono magotini, akangoja, na hakuna mtu aliyewahi kumngoja Bi Mwantumu namna ile.

"Si nzuri, mzee," alisema. "Nyumbani hakuna mtu."

Akaanza kulia, palepale, mbele ya magari ya serikali, bila kujifunika. Mzee Chwaya hakusema pole wala hakusema nyamaza. Alisogea mpaka ukingoni mwa mkeka, akapapasa nafasi iliyobaki.

"Na hapa ni hivyohivyo," alisema. "Kaa."

Honi zikalia, na mkurugenzi mmoja akaita kwamba msafara unaondoka na chupa zirudishwe. Bi Mwantumu akavua viatu, akapanda mkekani. Msafara ukaondoka na matarumbeta yake. Kwenye kikombe cha bati, mashine ilikuwa haijapata jibu lake, ikawa inauliza habari za nyumbani, inauliza tena, na hakuna aliyeshughulika nayo.